Barua ya wazi kwa mnaotoa vitambulisho vya wanahabari: simu inaita, pokeeni

Waheshimiwa viongozi wa mabaraza ya habari, makatibu wa vyama vyetu, maofisa mnaogawa ithibati (kile kibali cha mwandishi kuingia kwenye tukio) milangoni, na ninyi wahariri mnaochapa kazi zetu,

Usiku ule ghala lilikuwa bado linaungua. Nilifika kwa pikipiki, kamera shingoni, kitambulisho nimekining'iniza juu ya koti ili kionekane. Polisi walikuwa wameshafunga utepe. Afande aliyesimama pale alikishika kitambulisho changu, akakimulika kwa tochi, akaitazama picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha. Kisha macho yakashuka chini ya jina, pale ambapo wenzangu walioajiriwa huandikiwa jina la gazeti au redio yao. Changu kimeandikwa: Mwandishi wa Kujitegemea.

"Unajitegemea wapi?" akaniuliza.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akakigeuza. Nyuma pana mhuri, saini ya katibu, na namba ya simu yenye maneno "kwa uhakiki piga". Akatoa simu yake mwenyewe, akabonyeza tarakimu moja moja, akaweka spika ili na mimi nisikie. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata. "Hao watu wako hawapokei," akasema, akanirudishia kitambulisho kwa upole kabisa, kama muuzaji anayekurudishia noti iliyochanika.

Nikiwa bado nimesimama hapo, akapita kijana wa televisheni, maikrofoni yenye nembo ya kituo mkononi. Aliinuliwa utepe bila swali. Tulipokutana baadaye aliniambia yuko kwenye mafunzo, wiki ya pili, kitambulisho chenyewe hajapewa. Simlaumu. Wala simlaumu afande, na hili naomba mlisome mara mbili: afande yule ndiye mtu pekee usiku ule aliyekitumia kitambulisho kama kinavyopaswa kutumiwa. Hakuridhika na plastiki. Alitaka kumsikia mtu aliyeitoa. Mtu huyo alikuwa ni mmoja wenu, na hakuwepo.

Nimeandika barua hii kwa sababu ya mlio ule wa simu. Kila mwaka tunakaa kwenye semina tukibishana kama vitambulisho vya wanahabari wa kujitegemea vina maana yoyote, kama vinaaminika, kama virembeshwe kwa nembo inayong'aa au vitengenezwe upya. Mimi nasema kitambulisho ni shahidi tu. Kinasema: kuna watu fulani wameitazama kazi ya huyu, na wako tayari kuulizwa. Wasipoulizika, mnachotuuzia ni picha yetu wenyewe iliyopigwa lamineti.

Mwajiriwa ana mashahidi wengi. Ana gari lenye maandishi ubavuni, ana maikrofoni yenye nembo, ana dawati la habari lenye mtu wa zamu, ana mwanasheria wa kampuni. Akisahau kitambulisho nyumbani, kazi inaendelea. Sisi tunaojitegemea tuna shahidi mmoja tu, na ndiye huyo anayening'inia kifuani. Kwa hiyo anayekihitaji zaidi ndiye anayepewa kilicho dhaifu zaidi. Sijui kama mmewahi kukaa mkaliangalia jambo hili kwa upande wetu.

Twende kwenye ithibati. Kuna mkutano, au kesi, au uchaguzi. Fomu inatoka. Mstari wa tatu: jina la chombo unachokitumikia. Mstari wa saba: ambatanisha barua ya mhariri yenye nembo na mhuri. Nampigia mhariri. Anasema, "Wewe nenda, ukipata stori tutaiona." Naenda dirishani. Dada wa dirishani anasema, "Bila barua siwezi." Narudi kwa mhariri, anasema hawezi kuandika barua kwa stori ambayo haijafika mezani. Mmoja anataka barua ndipo nipate stori, mwingine anataka stori ndipo nipate barua. Hapo ndipo mtu anapigwa danadana mpaka mkutano unafungwa.

Wala si ofisi ndogondogo tu zenye utaratibu huu. Umoja wa Mataifa nao, kwa mwandishi anayetaka ithibati, hudai barua ya kazi kutoka kwenye chombo cha habari, anayejitegemea akiwemo. Naelewa sababu. Watu wa ulinzi wanataka kujua nani atawajibika. Ila swali "nani atawajibika" limegeuzwa likawa "nani amekuajiri", na hayo ni maswali mawili tofauti.

Niliwahi kupata barua moja nzuri sana, nembo ya rangi, mhuri wa duara, saini ndefu. Ilitoka kwa mhariri wa michezo, kwa sababu ndiye aliyenifahamu vizuri. Nikaenda nayo mahakamani kwenye kesi ya shamba la urithi. Karani aliisoma yote, akanitazama juu ya miwani, akauliza, "Na hapa kuna mchezo gani?"

Lakini kinachoniuma kuliko vyote ni kile kifungu kinachodai "nakala za kazi zako zilizochapishwa zenye jina lako". Kwa masikio kinasikika kama haki tupu. Atakayeandika ndiye atakayepewa. Nami naunga mkono, nitasema mbele kwa nini. Ila ninyi wahariri mnajua mnavyofanya. Mwaka juzi nilikwenda kuhuisha kitambulisho nikiwa na bahasha nene. Ofisa akazitoa nakala moja moja akazipanga mezani. Ya kwanza: Na Mwandishi Wetu. Ya pili: Na Mwandishi Wetu. Ya tatu, picha ya ukurasa wa mbele, chini yake: Picha na Mpiga Picha Wetu.

"Huyu Mwandishi Wetu ni nani?"

"Ni mimi."

"Na huyu?"

"Ni mimi pia."

Akaziangalia tena, kama mtu anayetafuta alama za vidole. Kati ya nakala kumi na moja, jina langu lilikuwa kwenye mbili, na moja kati ya hizo mbili walikosea herufi. Ofisa hakuwa na ubaya. Alisema hawezi kuniandikia kazi za mtu asiye na jina. Nikatoka pale nikiwa na kazi kumi na moja na ushahidi wa moja na nusu.

Wahariri, mnapotunyima jina kwenye ukurasa mnadhani mmebana nafasi tu, au mmeficha kwamba stori haikutoka kwa mtu wenu. Kumbe mmetunyima pia barua ya mwaka ujao. Na kuna mnaofanya hivyo kwa hesabu: stori mnaitaka, mtu hamtaki kumjua, asije akadai kitu. Siwezi kusema woga huo hauna chanzo. Mwaka 2014, James Foley na Steven Sotloff, wote wanahabari wa kujitegemea, walipouawa nchini Syria, shirika la habari la AFP lilitangaza kwamba halitapokea tena kazi za waandishi wa kujitegemea wanaokwenda mahali ambapo lenyewe halingempeleka mtu wake. Halikutaka kuwavuta watu kwenda kufa kwa ajili ya picha. Hilo lina heshima yake. Mwaka uliofuata vyombo vikubwa na vyama vikaweka saini kanuni za usalama za wanahabari wa kujitegemea, kwamba asiyeajiriwa akitumwa kazini ajaliwe kama mwajiriwa. Nazungumzia hili kwa sababu linaonyesha kwamba mhariri akitaka kuwajibika anaweza. Kuandika jina la mtu chini ya kazi yake ni rahisi mno ukilinganisha na hayo.

Sasa niwapeleke sokoni. Mwezi uliopita, kwa udadisi, nilifungua tovuti moja inayouza vitambulisho vya wanahabari. Sitaitaja, haihitaji tangazo. Nikajaza fomu mpaka ukurasa wa malipo. Waliniuliza jina. Waliniuliza picha. Waliniuliza nataka kamba ya shingoni ya rangi gani, na kama nitapenda kuongeza bango la kuweka kwenye kioo cha gari, kwa pesa kidogo ya juu. Hawakuniuliza nimewahi kuandika nini. Ningeweza kuwa fundi bomba, ningeweza kuwa jambazi. Kwenye mfano waliouonyesha, neno la kutangaza uanahabari lilikuwa kubwa kuliko jina la mwenyewe mara tatu. Na ninakiri, kilikuwa kizuri kuliko cha kwangu.

Tunawaita wanaotembea na vitu hivyo makanjanja, na wapo kweli. Wapo wanaoingia kwenye mkutano kwa ajili ya bahasha, wapo wanaomtisha mfanyabiashara kwa kamera isiyo na betri. Lakini nimekutana pia na binti mmoja mwenye kadi ya namna hiyo ambaye anafanya kazi kuliko mimi. Alikataliwa na chama kwa kukosa barua ya mwajiri, akakataliwa na ofisi kwa kukosa uanachama wa chama. Akanunua. Mlango mlioufunga ninyi ndio unaowapa wale wa mtandaoni wateja, na kila akinunua mtu wa kweli, kadi ya uongo inapata sura ya ukweli.

Nisiwe mnafiki. Na mimi nimewahi kukichafua. Miaka ya nyuma niliingia kwenye tamasha la muziki kwa kitambulisho, nikapita mbele ya foleni ndefu, na sikuandika hata mstari mmoja. Mlinzi alinipigia saluti. Ile saluti sikuwa na haki nayo, na sina shaka kwamba mahali fulani kuna mlinzi mwingine aliyeacha kutuamini kwa sababu ya mtu kama mimi usiku ule.

Na kuna wanaotumia sura yetu kwa mabaya makubwa zaidi. Ahmad Shah Massoud, kamanda wa wapiganaji wa Afghanistan, aliuawa tarehe 9 Septemba 2001 na watu wawili waliojifanya waandishi waliokuja kumhoji, bomu likiwa limefichwa kwenye vifaa vya kamera. Mwaka 2007 mpelelezi wa FBI wa Marekani alijifanya mwandishi wa shirika la Associated Press ili kumnasa kijana aliyekuwa akitishia shule kwa mabomu, na mambo yakajulikana mwaka 2014. Wa kwanza walikuwa wauaji, wa pili alikuwa mtu wa serikali, lakini bili ya wote wawili tunaletewa sisi. Kwa hiyo mlinzi anaponigeuza geuza kama tunda sokoni, simwambii aniheshimu kwa kuwa nina kadi. Namwambia: piga simu. Tatizo ni hilo tu, kwamba akipiga hakuna mtu.

Hapa naogopa kidogo. Naona kabisa mmoja wenu akifika mstari huu na kusema: sawa, basi tukaze masharti, asiye na kitambulisho chetu asiandike kabisa. Hapana. Hilo ni jambo jingine na limeshaamuliwa na watu wenye akili kutuzidi. Tarehe 13 Novemba 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilitoa maoni yake kuhusu sheria ya Kosta Rika iliyomlazimisha kila mwandishi kuwa mwanachama wa chama cha taaluma. Ikasema sheria ya namna hiyo inapingana na uhuru wa kujieleza, kwa kuwa kuandika habari ni kujieleza kwenyewe, huwezi kuutenganisha uandishi na haki ya kila mtu. Mwaka 2011 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni ya Jumla namba 34, ikasema uandishi wa habari ni kazi inayofanywa na watu wengi wa aina nyingi, wenye ajira na wanaojichapishia mitandaoni, na kwamba mfumo wa serikali wa kuwasajili au kuwapa leseni wanahabari wote haukubaliki. Ithibati waliiruhusu kwa jambo moja: pale ambapo nafasi ni finyu na mlango unahitaji mtu wa kuchagua, basi achague kwa vigezo vya wazi na bila upendeleo.

Kwa hiyo leseni ni ruhusa ya kuandika, na hiyo hakuna mwenye haki ya kuigawa. Kitambulisho ni msaada wa kupita. Mkivichanganya hivi viwili, mtaniongezea mzigo badala ya kunisaidia kuubeba.

Tena msidhani kwamba ubaya unatoka serikalini peke yake. Mchapishaji mmoja wa Kanada, Robert Gauthier, alinyimwa uanachama kamili wa jumuiya ya waandishi wa bungeni, na bila uanachama huo hakupata huduma na nafasi za waandishi bungeni. Waliomzuia walikuwa waandishi wenzake. Mwaka 1999 Kamati hiyohiyo ya Umoja wa Mataifa iliamua kwamba haki yake ilivunjwa, kwa kuwa bunge lilikuwa limeuachia mlango kwa chama binafsi bila utaratibu wa rufaa ulio huru. Na kule Marekani, Robert Sherrill alinyimwa pasi ya Ikulu bila kuambiwa kwa nini. Mahakama ya rufaa mwaka 1977 ikasema mtu akikataliwa aelezwe sababu, apewe nafasi ya kujibu, na uamuzi uandikwe. Haikusema lazima apewe pasi. Ilisema lazima aambiwe. Mimi nimekataliwa ithibati mara nne katika maisha yangu ya kazi, na mara zote nne jibu lilikuwa "jina lako halimo". Halimo kwa nini, na limetolewa na nani, hakuna ajuaye.

Wapo waliojaribu kupanga mambo vizuri. Ufaransa ina sheria ya kadi ya wanahabari tangu mwaka 1935. Tume inayoitoa ina wawakilishi wa waandishi na wa waajiri kwa idadi sawa, na swali lao kubwa ni kama mtu anapata sehemu kubwa ya kipato chake kwenye uandishi. Anayelipwa kwa stori moja moja naye anaipata akitimiza hilo. Kigezo hicho kina makali yake, kwa sababu wengi wetu tunafundisha, tunatafsiri, tunapiga picha za harusi ili tuweze kuandika. Mwaka mbaya ukija, mpiga picha wa harusi anamshinda mwandishi ndani ya mtu huyohuyo, na kadi inakwenda. Bado napenda kwamba wanahesabu kazi.

Uingereza, tangu mwaka 1992, vyama vya waandishi na waajiri wamekubaliana juu ya kadi moja inayotambuliwa na polisi wa nchi nzima, na anayejitegemea anaweza kuipata kupitia chama chake. Kadi ile ina namba ya simu ya uhakiki. Sitoi sifa kwa ajili ya kadi, natoa kwa ajili ya namba. New York nako, kwa miaka mingi idara ya polisi ndiyo iliyokuwa inatoa pasi za waandishi na ndiyo iliyokuwa inawanyang'anya, yaani wanaoandikwa ndio wanaoamua nani aandike. Mwaka 2022 kazi hiyo ilihamishiwa kwenye ofisi ya meya inayoshughulikia habari na burudani. Na hata kabla ya hapo waombaji walishakuwa wakiruhusiwa kuleta kazi sita walizozifanya kwa kufika eneo la tukio ndani ya miezi 24. Kazi sita. Hakuna nembo ya mwajiri. Mtu wa kujitegemea mwenye bidii anazo hata kabla ya mwaka kuisha, ilimradi jina lake liwe limeandikwa, na hapo nawarudishia wahariri macho tena.

Kuna kadi moja zaidi ambayo huwa naifikiria. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, kifungu cha 79, inasema mwandishi anayefanya kazi ya hatari kwenye eneo la vita ni raia na alindwe kama raia. Halafu inaongeza kwamba anaweza kupewa kadi, na mfano wa kadi yenyewe umeambatanishwa. Mtoaji wake ni serikali ya nchi ambayo yeye ni raia wake, au anakoishi, au kilipo chombo kilichomwajiri. Yaani hata asiyeajiriwa na yeyote ana mlango wa kuipata. Tena angalieni walivyoipanga: ulinzi umewekwa kwanza, kwa kuwa mtu ni raia. Kadi imekuja nyuma, inathibitisha tu kwamba huyu ni mwandishi. Asiyekuwa nayo hakosi ulinzi. Waliokaa mezani mwaka ule walielewa kwamba plastiki haizuii risasi, na hawakumdanganya mtu.

Kwa nini basi mimi bado nakitaka kitambulisho, baada ya maneno yote haya? Kwa sababu ya mambo madogo. Nikiwa nacho, mama aliyefiwa anakubali kuongea nami kwa kuwa ana kitu cha kumwonyesha shemeji yake anayeuliza "huyu ni nani". Hospitali inanipeleka kwa msemaji badala ya kunitoa nje. Nikikamatwa kwenye maandamano, kituoni kinasaidia kidogo, siyo mara zote, kuniweka kwenye benchi badala ya kuniweka ndani. Hata kwenye ghala lile, kama simu ingepokelewa, ningevuka. Shirikisho la Kimataifa la Wanahabari, lililoanzishwa mwaka 1926, linatoa kadi yake ya kimataifa kupitia vyama wanachama, na wenzangu waliowahi kuitumia mipakani wanasema hilohilo: inafaa pale tu ambapo mkaguzi anajua nani amesimama nyuma yake.

Ninachoomba, basi. Simu ya uhakiki iwe na mtu, na iwe na mtu usiku, kwa sababu moto, maandamano na kura havifuati saa za ofisi. Hamna fedha za zamu? Vyama viwili vitatu vichangie dawati moja. Wekeni pia ukurasa mtandaoni ambapo mtu akiingiza namba ya kadi anaona picha, jina na tarehe ya mwisho, basi. Msiweke orodha nzima ya majina na mahali tunapokaa, kwa maana orodha ya kutuhakiki ndiyo hiyohiyo ya kututafutia. Barua ya mhariri iwe ya baada ya kazi na si ya kabla: "huyu alituletea hizi, tukazichapa, tukamlipa". Hiyo haimfungi mhariri kwa lolote asilolifanya, na mhariri akishaandika moja, Mwandishi Wetu anapata jina. Anayekataliwa aandikiwe sababu. Anayekitumia vibaya anyang'anywe, na yeye pia aandikiwe sababu, nikiwemo mimi na tamasha langu.

Na wanaotoa kadi wasiwe wale tunaowaandika. Hili sidhani linahitaji maelezo.

Mnaweza kusema dawati la usiku ni anasa. Mwaka 1993 mpiga picha wa kujitegemea Rory Peck aliuawa kwa risasi mjini Moscow akirekodi mapigano. Mjane wake na marafiki wakaanzisha mfuko unaobeba jina lake mwaka 1995, kwa kuwa familia za watu kama yeye zilikuwa hazina pa kupiga simu. Mwajiriwa akiumia, kuna namba. Akipotea, kuna mtu ambaye kazi yake ni kugundua kwamba hajarudi. Kwangu mimi, siku ile nikikutwa nimeanguka pembeni ya barabara, atakayenikuta atakigeuza kitambulisho changu kutafuta namba, kama alivyofanya yule afande.

Mnaweza kunijibu kwa barua, nitashukuru. Lakini kabla hamjaiandika, fanyeni jambo moja dogo. Leo saa mbili usiku chukueni kitambulisho kimoja mlichokitoa wenyewe, mkigeuze. Tafuteni simu ambayo ofisi haiijui namba yake. Pigeni, na mweke spika.

Ni mimi,
Mwandishi Wenu